Vocha ya siku za mavuno: kisa cha mbolea katika mashamba ya Busia

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi ya Kenya, waliokuwa wamejaribishiwa mbolea kwenye mashamba yao wenyewe waliulizwa kama wangeitumia msimu uliofuata. Asilimia 97.7 walisema ndiyo. Msimu ulipofika, walioitumia walikuwa asilimia 36.8. Wengine walipoulizwa ni nini kiliwazuia, karibu wanne kati ya kila watano walijibu kwamba hawakuwa na pesa.

Kisa hiki kina umri sasa. Watafiti waliokifuatilia, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walichapisha matokeo yao mwaka 2011, na miaka minane baadaye Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, wakatunukiwa Nobel ya uchumi. Nakirudia kwa sababu kila Machi, foleni za mbolea ya ruzuku zinapoanza kujipanga nje ya maghala ya Bodi ya Nafaka, nasikia tena wenye mamlaka wakisema kwamba mkulima wa magharibi anahitaji kuelimishwa. Wakulima wa kisa hiki walikuwa wameshaelimika. Walikuwa wameiona mbolea ikifanya kazi katika udongo wao, mita chache kutoka mlangoni. Huenda wachache walijibu ndiyo kwa adabu, maana mgeni aliyetoka mbali na daftari lake hakatishwi tamaa ovyo. Lakini adabu haiwezi kueleza pengo la asilimia sitini.

Kwa hiyo swali la kisa ni hili: mtu anakijua kitu, anakitaka, anatangaza kwamba atakinunua, kisha hakinunui. Katikati hapo kumetokea nini?

Nusu kijiko

Kwanza tuhakikishe kwamba mbolea yenyewe ilikuwa na faida, maana bila hilo hakuna kisa. Shirika la Kiholanzi la ICS, lililokuwa likifanya kazi Busia, lilichagua wakulima kwa bahati nasibu na kupima vipande vidogo vya ardhi vilivyopakana ndani ya mashamba yao. Kipande kimoja kililimwa kama kawaida. Vingine viliwekewa mbolea ya kukuzia, ile CAN, kwa vipimo tofauti: robo kijiko cha chai kwa shimo, nusu kijiko, kijiko kizima. Wakati wa kuvuna kila kipande kilipimwa peke yake.

Nusu kijiko kiliongeza mavuno kwa takriban asilimia 48. Ukitoa gharama, faida ya hizo pesa kwa mwaka ilikuwa karibu asilimia 70. Hakuna benki Kenya inayokupa riba ya namna hiyo kwenye akiba, wala chama. Na hapakuwa na ulazima wa kununua mfuko mzima wa kilo 50. Maduka ya pembejeo ya Busia hupima mbolea kwa kilo, hivyo mkulima angeweza kuanza na kilo moja, akaiona kazi yake, kisha msimu mwingine akaongeza.

Majaribio hayo yalitoa na jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kifurushi kamili kilichopendekezwa na Wizara ya Kilimo, yaani mbegu ya kisasa, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia, kiliongeza mavuno lakini hakikumlipa mkulima wa kawaida wa eneo hilo gharama yake. Mama aliyesikiliza mafunzo ya afisa wa ugani, akapiga hesabu kichwani na kuamua kubaki na mbegu yake ya nyumbani hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kuhusu kifurushi. Kilichomponyoka ni ile sehemu ndogo ya kifurushi iliyokuwa na faida, na sehemu hiyo hakuna aliyekuwa amempimia peke yake.

Mbolea pia haijibu sawa kila mahali. Utafiti wa Paswel Marenya na Christopher Barrett uliotoka mwaka 2009, uliofanywa Vihiga na Nandi Kusini, ulionyesha kwamba udongo uliochoka, usio na mboji, hunywa mbolea na kutoa kidogo sana. Anayelima ardhi iliyogawanywa vizazi vitatu bila kupumzishwa anahitaji samadi kwanza. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba kila asiyenunua mbolea amekosea. Kisa chetu kinahusu wale ambao ingewalipa, wakajua hivyo, na bado haikununuliwa.

Pesa zinakokwenda

Busia huvuna mara mbili. Mahindi ya masika hutoka shambani Julai na Agosti. Ya vuli huingia nyumbani kuanzia mwishoni mwa mwaka. Baada ya mavuno ya vuli ndipo Januari inapofika, na kila mzazi wa Kenya anaijua Januari: karo, sare, vitabu, mtoto wa sekondari anayetakiwa kuripoti na godoro na sanduku. Mahindi huuzwa kwa gorogoro sokoni au kwa gunia kwa broka aliyekuja na lori, na bei ni ya chini kwa sababu kijiji kizima kinauza wiki hiyohiyo.

Mbolea ya kupandia inahitajika Machi, mvua zinapoanza. Ya kukuzia inahitajika baadaye tena, mahindi yakiwa magotini. Kati ya Januari na wakati huo kuna wiki nyingi, na pesa taslimu ndani ya nyumba ya mkulima zina maadui wengi. Matanga yatatokea, na michango ya matanga haiahirishwi. Mtoto ataumwa. Shemeji atakuja na shida ya kweli. Paa litavuja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la anasa. Ndiyo maana jibu la "sikuwa na pesa" lilikuwa la kweli kabisa siku lilipotolewa, ingawa miezi mitatu nyuma pesa zilikuwepo.

Kuna shinikizo jingine linaloandamana na hilo. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio katika vijiji vya magharibi ya Kenya, matokeo yakatoka mwaka 2016: wanawake walikuwa tayari kupoteza sehemu ya faida yao ili jamaa waliokuwepo wasijue wamepata kiasi gani. Pesa inayoonekana huombwa, na kumnyima ndugu ni kazi ngumu kuliko kulima. Anayepanga kuweka shilingi mia tano ya mbolea hadi Machi anapanga kusema hapana mara nyingi, tena kwa watu anaowapenda.

Kisha kuna mkulima mwenyewe. Siku ya mavuno mbolea iko mbali na duka liko kituoni, safari ya boda boda au mwendo wa miguu. Kesho nitaenda. Wiki ijayo nitakuwa na shughuli huko, nitapitia hapohapo. Kila siku moja moja, kungoja hakugharimu kitu, na kwa kweli hakugharimu. Mtu huyu haamui hata mara moja kutotumia mbolea. Anaamua tu kutoinunua leo, na anaamua hivyo hadi pesa ziishe. Watafiti walijenga maelezo yao juu ya tabia hii: baadhi ya watu, kwa baadhi ya nyakati, huona gharama ndogo ya leo kuwa nzito kuliko faida kubwa ya baadaye, na wakati huohuo huamini kwamba kesho watakuwa na subira zaidi. Wewe msomaji mwenye mshahara na simu janja unayo tabia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba makato yako ya NSSF (pensheni) na SHA (bima ya afya) huondolewa kabla hujaziona pesa, na hakuna anayekuuliza kila mwezi kama leo uko tayari.

Mpango wa SAFI

Hapo ndipo mpango wenyewe unapoingia. Ulipewa jina la SAFI na ulianza kujaribiwa mwaka 2003, ukiwashirikisha wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi za eneo hilo. Afisa wa nyanjani alifika nyumbani mara tu baada ya mavuno, magunia yakiwa bado ndani. Hakuwa na punguzo lolote la bei. Alimwuzia mkulima vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani. Mkulima akataja kiasi, akalipa palepale, akasema ni wakati gani angetaka aletewe. Cha bure kilikuwa usafiri tu. Ofa ilidumu kwa muda mfupi. Aliyeikataa hakupoteza kitu, angeendelea kununua dukani kama zamani.

Uzuri wa jaribio uko katika makundi yaliyolinganishwa. Wakulima wengine walitembelewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia ukikaribia, wakapewa ofa ileile ya kuletewa bure kwa bei kamili. Wengine walitembelewa wakati huo huo wa baadaye lakini wakapunguziwa bei kwa nusu. Wengine hawakupewa ofa yoyote. Kila mtu aliingia kundi lake kwa kura, hivyo haiwezekani kusema kwamba wenye bidii walijichagua wenyewe.

Waliotembelewa siku za mavuno, karibu mmoja kati ya kila watatu alinunua vocha msimu wa kwanza. Idadi ya waliotumia mbolea katika kundi lao ilipanda kwa pointi 11 hivi za asilimia, na msimu wa pili ongezeko likawa kubwa zaidi. Ukilinganisha na kiwango cha kawaida cha eneo hilo, ni kupanda kwa karibu nusu au zaidi. Ofa hiyohiyo ya usafiri wa bure ilipokuja baadaye, ongezeko lilikuwa dogo kiasi kwamba takwimu hazikuweza kulithibitisha. Na punguzo la nusu bei, lililotolewa baadaye, lilileta ongezeko la kiasi kilekile kama vocha ya bei kamili ya siku za mavuno.

Tuseme tena kwa uwazi, kwa sababu ndilo jambo linalopaswa kumwamsha kila anayepanga bajeti ya kilimo. Kumfikia mkulima wakati ana pesa, na kumwondolea safari moja ya dukani, kulifanya kazi sawa na kumlipia nusu ya mbolea wakati pesa zimekwisha.

Msimu wa pili yaliongezwa maswali. Baadhi ya wakulima walifikiwa kabla ya mavuno na kuulizwa: ungependa tuje kukuuzia vocha lini? Anayefikiri kwa hesabu za kawaida angesema njooni mwishoni kabisa, kwa nini nitoe pesa mapema bila riba yoyote? Karibu nusu yao walisema: njooni mara tu tukivuna. Jibu hilo linanigusa kuliko tarakimu nyingine zote za utafiti huu. Walijua kinachowapata. Walijua kwamba Februari hawatakuwa nazo, na waliomba mtu aje kabla hazijaondoka. Hatuwezi kuwaita watu wa namna hiyo wasiojali kesho.

Mpango ulipokoma, matumizi ya mbolea yalirudi pale yalipokuwa. Kuna wanaolisoma hili kama kushindwa: mmewasaidia misimu miwili na hawakujifunza. Mimi nalisoma kinyume. Hawakuwa na cha kujifunza. Kama tatizo lingekuwa elimu, msimu mmoja wa mavuno mazuri ungetosha na mwaka uliofuata wangejinunulia. Walirudi nyuma kwa sababu kile kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kikifanya kazi, yaani mtu kufika mlangoni kwa wakati. Ukiondoa daraja, watu huacha kuvuka, na hakuna anayesema wamesahau kutembea.

Ufunguo ubaki kwa nani

Kabla ya kukimbilia hitimisho kwamba watu wafungiwe pesa zao, ni vizuri kuangalia utafiti mwingine wa magharibi ya Kenya, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliochapishwa mwaka 2013. Wao walifanya kazi na vyama vya merry-go-round, yaani vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu, wakitaka kujua watu wangewezaje kuweka akiba ya afya: chandarua, dawa ya kutibu maji, gharama za hospitali. Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Kundi jingine lilipewa sanduku lilelile, lakini ufunguo ukakaa kwa afisa wa mradi, asiyefungua hadi lengo litimie.

Sanduku la ufunguo wa nyumbani liliongeza matumizi kwenye kinga ya afya kwa takriban theluthi mbili. La ufunguo wa afisa halikuongeza chochote cha kuonekana kwenye kinga. Pesa zisizofikika siku mtoto ana homa usiku ni pesa ambazo mama mwenye busara hataziweka humo. Na utaratibu uliofanya vizuri zaidi ulikuwa wa chama chenyewe: mfuko wa pili kando ya ule wa kawaida, ambapo kila mwanachama aliyefikiwa na zamu yake alinunuliwa kifaa cha afya. Matumizi yaliongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu kulikuwa na wenzako wanaokungoja na kukuuliza.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi. Pesa ikipewa jina lake na mahali pake, mtu hupata la kumwambia shemeji bila kuvunja undugu: hizi ni za mbolea, nimeshalipa. Vocha ya SAFI ilifanya hivyo. Haikuchukua akiba yote ya nyumba. Ilichukua kilo chache, ikaacha magunia na pesa nyingine mikononi mwa mwenyewe kwa ajili ya homa na matanga.

Wakulima wa chai wamekuwa na utaratibu wa aina hii kwa miaka mingi, na ni ajabu hatuutaji tunapozungumzia mahindi. Mkulima anayepeleka majani yake kiwanda cha Mudete kule Vihiga huletewa mbolea kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, na gharama hukatwa kwenye malipo yake ya chai. Haulizwi Machi kama ana pesa. Katika eneo la miwa pia viwanda viliwahi kuwakopesha wakulima mbolea na kukata deni siku ya malipo, ingawa makato hayo yalizaa manung'uniko mengi na kuporomoka kwa kiwanda cha Mumias kuliwaacha wengi bila utaratibu wowote. Mtu mmoja anaweza kuwa na chai yenye mbolea upande huu wa boma na mahindi ya njano yasiyo nayo upande ule. Subira yake ni ileile. Chai ina mnunuzi mmoja anayeweza kukata. Mahindi yana soko zima na kila broka ana mfuko wake.

Je, si umaskini tu?

Pingamizi zito zaidi dhidi ya maelezo haya ni kwamba tunaita tabia kile ambacho ni ukosefu wa pesa. Nalichukulia kwa uzito. Mwaka 2012 hadi 2014, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya jaribio Bungoma pamoja na One Acre Fund, shirika linalowakopesha wakulima wadogo pembejeo. Bei ya mahindi huko hupanda kwa kawaida asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na miezi ya njaa, na bado wakulima huuza wakati bei iko chini, kisha hununua mahindi yaleyale Mei kwa bei ya juu. Walipopewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, wengi waliweza kubakiza magunia yao na kuuza baadaye kwa faida. Hapo mzizi ulikuwa karo ya Januari na ukosefu wa mahali pa kukopa.

Lakini mambo haya mawili hayagombani. Kama umaskini pekee ungekuwa jibu, vocha ya bei kamili isingebadilisha chochote: haikumwongezea mkulima hata shilingi, zaidi ya nauli. Na kama tabia pekee ingekuwa jibu, nusu bei isingesaidia. Vyote viwili vilisaidia. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba umaskini ndio unaofanya kosa la kuchelewa liwe ghali. Anayelipwa kila mwezi akichelewa kununua, atanunua mwezi ujao. Mkulima wa Busia akichelewa, mvua hazimngoji.

Ruzuku inayokuja Machi

Tuje sasa kwa sera. Bei ya mbolea ilipokuwa imepita shilingi 6,000 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2022, serikali mpya ilitangaza ruzuku iliyoishusha hadi 3,500, na mwaka 2023 ikashuka tena hadi 2,500. Mkulima aliyesajiliwa hupokea vocha kwa ujumbe wa simu, kisha huenda kwenye ghala au kituo cha kuuzia, hulipa sehemu yake na kubeba mfuko. Hili ni jambo kubwa na sitaki kulidharau. Kwa nyumba nyingi lilikuwa tofauti kati ya kuweka mbolea na kutoweka.

Hata hivyo lisome kwa macho ya kisa cha Busia. Fedha nyingi za umma zinakwenda kwenye kupunguza bei, na msongamano wote unakuja mvua zikinukia, wakati magunia yamekwisha na karo imeshalipwa. Kipimo cha kawaida ni mfuko wa kilo 50, wakati mwenye robo ekari anahitaji kiasi kidogo tu. Ghala liko mbali, na nauli ya kwenda kurudi na mfuko juu ya boda boda hula sehemu ya punguzo. Kila kimoja kati ya hivi ni kile kizingiti kidogo ambacho SAFI ilikiondoa.

Nikiwa ndani ya ofisi ya kilimo ya kaunti ya Busia au Bungoma, ningeomba kibali cha kujaribu jambo moja. Januari na Agosti, siku za soko Bumala, Nambale na Chwele, pale mahindi yanapouzwa, iwepo meza ya kuuzia vocha ya ruzuku hatua chache kutoka kwa wanunuzi wa mahindi. Mtu auze gorogoro zake, kisha alipie kilo tano au kumi kwa M-Pesa au taslimu, apate risiti na ujumbe unaotaja siku na mahali atakapoichukua, karibu na nyumbani, kwa mfano kwenye shule ya msingi au kwa duka la pembejeo la kijiji. Mwaka 2003 M-Pesa haikuwepo, na afisa ilibidi apite nyumba hadi nyumba, jambo lililofanya mpango kuwa ghali kuuendesha. Leo gharama hiyo ingeshuka sana. Na vyama vya akina mama vihusishwe tangu mwanzo: chama kinachonunua vocha za wanachama wote siku moja kina nguvu ambayo ujumbe wa simu hauna.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo nisingethubutu kulipendekeza. Vocha ya mapema inamtaka mkulima aiamini serikali kwa miezi miwili au mitatu. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeuzwa ndani ya mpango huu wa ruzuku, na wakulima waliokuwa wamefuata maagizo yote wakabaki na mifuko isiyo na kazi shambani. Walioumizwa hivyo hawawezi kuombwa walipe Januari kwa mbolea ya Machi kwa neno tupu. Iwepo haki ya kurudishiwa pesa, iandikwe kwenye risiti kwa Kiswahili chepesi, na iwe inatekelezwa kwenye simu bila kupanda gari kwenda makao makuu ya kaunti. Mfuko uliofunguliwa mbele ya chama na kupimwa na maafisa wa KEBS, shirika la viwango, kabla ya kugawanywa ungefanya kazi kubwa kuliko matangazo ya redio ya mwezi mzima.

Na lipimwe kwa namna ambayo haitamfurahisha mtu yeyote bure. Wadi zipigiwe kura hadharani: nusu zipate meza ya Januari, nusu ziendelee na utaratibu wa Machi, kwa bei ileile ya ruzuku kote. Mei, mahindi yakiwa magotini, watu wasiohusika na mpango wapite mashambani katika wadi zote na kuhesabu yaliyowekwa CAN. Wadi za Januari zisipozidi za Machi, basi tarehe si tatizo la leo kama ilivyokuwa mwaka 2003, na fedha zibaki kwenye bei. Zikizidi, kaunti itakuwa na sababu ya kuuliza kama mpango unaouza mapema unaweza kufikia wakulima wengi zaidi kwa ruzuku ndogo zaidi kwa kila mfuko, na kinachookolewa kikapelekwa kwenye samadi na chokaa kwa mashamba yale yaliyochoka ya Vihiga na Kakamega, ambayo CAN peke yake haitayaokoa.